Mizani ya Lugalo

Katika Kiswahili tulichorithi kwa wazee wetu, neno gofu lina maana ya jengo lililobomoka, likabaki kuta na vifusi. Tuna magofu ya Kilwa Kisiwani, tuna magofu ya Kaole, na kila Mswahili ayatajapo huyaona moyoni mwake mawe ya kale yaliyoota nyasi. Kisha likaja neno la pili, lenye sura ile ile lakini asili nyingine, nalo ni jina la mchezo wa Waskochi wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie shimoni. Wengi wetu tulipolisikia neno hili la pili tuliliweka pamoja na lile la kwanza. Tuliona kuwa mchezo wenyewe nao ni gofu, yaani ni baki la utawala uliobomoka, lililoachwa na wakoloni pamoja na kofia zao za jua na mabawabu wa milango ya klabu. Mimi nami niliamini hivyo kwa muda mrefu. Katika kurasa hizi nataka kumweleza msomaji jinsi nilivyoyabadili mawazo yangu, na kwa kiasi gani, maana sikuyabadili yote.

Nimezaliwa Makongolosi, wilayani Chunya, mkoani Mbeya. Mtu akisikia jina la Mbeya huwaza baridi, ukungu, migomba ya Rungwe na viazi vya Uporoto. Chunya si hivyo. Ukishateremka kutoka katika milima ya Mbeya kuelekea kaskazini, unaingia katika nchi ya joto na vumbi jekundu, nchi ya miombo, ambako majani hukauka mapema na mvua husubiriwa kwa subira. Hiyo ndiyo nchi ya dhahabu ya Lupa. Tangu miaka ya 1920 watu wameifuata dhahabu hiyo kutoka kila upande, na katika miaka ya 1930 Wazungu kwa mamia na Waafrika kwa maelfu walikuwa wakichekecha mchanga wa mito yake. Wazungu waliondoka, machimbo makubwa yakafungwa, lakini wachimbaji wadogo hawakuondoka. Mpaka leo Makongolosi huamka kwa mngurumo wa makarasha yanayosaga mawe, na kulala kwa mazungumzo ya duara gani limetoa na duara gani limekataa.

Duara ndilo jina tunaloliita shimo la mchimbaji. Basi mimi ni mtu wa mashimo. Nimekulia mahali ambapo shimo si kitu cha kuchezea. Shimo ni riziki, na mara nyingine shimo ni kaburi. Mwanamume hushuka asubuhi kwa kamba, akipita katikati ya matimba yaliyozuia kuta zisianguke, na mkewe huendelea na kazi zake akiwa na sikio moja upande wa machimbo. Mtu aliyelelewa hivyo, akiambiwa kwamba wako watu wazima wanaolipa fedha ili watumie asubuhi nzima kutia kimpira katika mashimo kumi na manane, hawezi kuacha kucheka. Nami nilicheka.

Kitu cha pili nilichokulia nacho ni mizani. Dhahabu ikishatoka katika jiwe, ikakamatwa kwa zebaki na kuchomwa, hupelekwa kwa mnunuzi, na hapo ndipo jasho la mwezi mzima husimama juu ya kisahani kidogo. Utotoni mwangu mnunuzi ndiye aliyekuwa na mizani, na ndiye aliyeisoma. Akisema gramu mbili na pointi tatu, ni gramu mbili na pointi tatu. Mchimbaji angeweza kuhisi mkononi kwamba kipande chake ni kizito zaidi, lakini mkono wa maskini si mizani. Tangu 2019, yalipoanzishwa masoko ya madini nchini, dhahabu hupimwa hadharani, na mchimbaji huyaona maandishi kwa macho yake. Wazee wengi hawakuishi kuiona siku hiyo. Baba yangu alikuwa mmoja wao.

Baba hakuzaliwa Lupa. Alizaliwa katika nchi ya baridi ya Nyanda za Juu, karibu na mashamba ya walowezi, na kabla hajawa mchimbaji aliwahi kuwa mtoto wa kubeba mifuko ya fimbo katika klabu moja ya walowezi hao. Hayo yalikuwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Sisi watoto tulilijua jambo hilo kwa sababu ya mchezo mmoja aliotufundisha. Katika miombo yetu kuna mti uitwao mtonga, wenye matunda ya mviringo na ganda gumu kama mbao. Tonga likikauka huwa jepesi, na ukilitikisa hulia. Baba alitafuta mti uliopinda mwishoni, akauchonga, akachimba kishimo uani, kisha akatuonyesha jinsi ya kusimama, jinsi ya kuweka vidole, na jinsi ya kutolitazama tonga linakokwenda kabla hujalipiga. Alikuwa fundi. Tulimwuliza kama naye aliwahi kucheza na Wazungu. Akasema, “Mimi nilikuwa nabeba. Anayebeba hachezi, lakini huona.”

Kisha siku moja, nikiwa kidato cha pili, alinieleza alichokiona. Bwana aliyembebea mfuko alipiga mpira ukaingia vichakani. Akaupiga mara mbili huko huko kichakani bila ya mwenzake kuona. Walipomaliza shimo lile mwenzake akauliza ni mikwaju mingapi, na bwana akajibu sita. Yule mwenzake, kwa mzaha tu, akamgeukia mtoto akamwuliza, “Nawe unasemaje?” Mtoto hakujua kwamba ule ni mzaha. Alikuwa amefundishwa nyumbani kuhesabu ng’ombe wanaporudi zizini, na ng’ombe wakiwa saba husemi sita. Akasema, “Saba.” Hakupigwa. Bwana alicheka, mwenzake akacheka, wakaendelea. Lakini jioni msimamizi alimwambia asirudi kesho, wala ujira wa wiki ile hakupewa. Baba alipomaliza kunisimulia alisema neno moja tu: “Nilihesabu sawasawa.” Alirudia neno hilo mara nyingi katika maisha yake, hata pale mnunuzi alipomsomea mizani asiyoiamini.

Kwa hiyo mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuuchukia mchezo wa gofu. Nilipoanza kazi ya ukarani serikalini, na baadaye nilipoanza kutunga mashairi, nilikuwa na maneno makali kuhusu viwanja vile vya nyasi. Mtu akitaja utamaduni wa taifa nilimtajia bao, nikamtajia ngoma, nikamtajia mieleka, nikasema hayo ndiyo yetu. Sikuwa na makosa kuyataja. Lakini nilisahau upande wa pili wa hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 10 Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Sote twakumbuka alivyosikitika kwamba tulifundishwa kudharau ngoma zetu. Wachache hukumbuka kwamba katika hotuba hiyo hiyo alionya kwamba taifa lisilokubali kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu, ila kujifunza kwa wengine si kuacha cha kwako.

Nilihamishiwa Dar es Salaam mwaka 2011. Jirani yangu alikuwa meja mstaafu wa Jeshi la Wananchi, mtu wa maneno machache, aliyetoka kila Jumamosi alfajiri na mfuko mrefu begani. Nilipomwuliza aendako alinijibu, “Lugalo.” Mtu wa Nyanda za Juu Kusini hawezi kulisikia jina hilo bila ya kusimama. Kwetu Lugalo ni mahali, mashariki ya mji wa Iringa, ambapo tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wahehe la Mtwa Mkwawa lilivamia msafara wa Wadachi, likamwua kamanda wao, Emil von Zelewski, pamoja na askari wake wapatao mia tatu. Nikamwambia meja, “Lugalo iko Iringa.” Akacheka. “Na hapa pia iko,” akasema. “Twende ukaione.”

Lugalo ya Dar es Salaam ni kambi ya jeshi, na ndani ya ardhi ya jeshi kuna kiwanja cha gofu cha mashimo kumi na manane, cha kiwango cha mashindano ya taifa, ambacho hupokea askari na raia. Nilipofika hapo meja alinipa historia ya jina. Zamani za Waingereza kambi ile iliitwa Colito, kwa kumbukumbu ya vita walivyopigana askari wa King’s African Rifles huko Ethiopia mwaka 1941. Ni hapo Colito ambapo maasi ya askari yalianza Januari 1964. Baada ya maasi hayo jeshi la kurithi lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Baadaye hata kambi ikabadilishwa jina. Jina la ushindi wa Waingereza likaondoka, likawekwa jina la ushindi wetu. Nikasimama pale, mbele ya nyasi zilizokatwa vizuri kama nywele za bwana harusi, nikafikiri: kumbe mchezo wa mlowezi unachezwa juu ya jina la Mkwawa. Sikujua kama ni jambo la kucheka au la kushukuru. Nikaamua kulijaribu kwanza.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuucheza, nieleze kwa ufupi. Mchezaji hubeba fimbo zisizozidi kumi na nne, kila moja na kazi yake, kama vile patasi na randa katika sanduku la seremala. Mpira una uzito usiozidi gramu 46, na shimo lina upana wa milimita 108, yaani kiasi cha mdomo wa kikombe kikubwa. Baina ya mahali pa kuanzia na shimo huwa kuna mita mia moja na zaidi, na kwa mashimo marefu hufika mia tano. Kila shimo limewekewa kadiri yake, mikwaju mitatu, minne au mitano. Jumla ya kadiri katika viwanja vingi vya mashindano ni 72 au chini yake kidogo. Mshindi ni aliyepiga mikwaju michache. Katika michezo mingi tuizoeayo anayepata nyingi ndiye mshindi. Katika huu anayepata chache ndiye bora, na hilo tu humfanya mtu wa tamaa ajifunze upya.

Kucheza kiwanja kama hicho ni safari. Unaanza alfajiri, umande ungali juu ya nyasi, na viatu vyako huacha nyayo. Mkwaju wa kwanza ndio wa hofu, maana wenzako wamesimama kimya nyuma yako, na ukimya wao una uzito. Ukiupiga mpira vema husikii kitu mkononi. Husikia mlio mmoja mkavu, kama ukuni mkavu unaovunjwa, kisha mpira huwa nukta angani. Ukiupiga vibaya mikono hufa ganzi mpaka viwikoni. Kisha unatembea. Kwa mashimo yote kumi na manane mtu hutembea kilomita sita, saba au zaidi, kwa saa nne na zaidi, na katika Dar es Salaam jua likishapanda hukumbuki tena umande. Upepo wa bahari huingia saa nne za asubuhi, na mpira uliokuwa ukienda mbali huanza kurudishwa nyuma. Wachezaji waliocheza Nairobi, katika kiwanja cha Muthaiga, ambako mashindano ya Kenya Open yalianza mwaka 1967, husema kwamba huko mpira huruka mbali zaidi. Sababu yake ni kimo. Muthaiga iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Niliposikia hayo niliwaza kwamba tonga letu lingeruka vizuri zaidi Mbeya mjini kuliko Makongolosi.

Kuna mashimo ya mchanga pia, yaliyochimbwa makusudi ili kumtesa aliyekosea. Mpira ukizama humo, sheria inakukataza kuugusa mchanga kwa fimbo nyuma ya mpira kabla hujapiga. Mtu wa Lupa akiingia katika mchanga huona amefika nyumbani, ila hapa hakuna dhahabu ya kuchekecha. Na mwisho kabisa kuna grini, yaani uwanja wa nyasi fupi zinazolizunguka shimo. Hapo nguvu haitakiwi. Nimeona mtu aliyeupiga mpira mita mia mbili na hamsini kwa mkwaju mmoja akashindwa mita moja kwa mikwaju mitatu. Mkwaju wa mita moja na mkwaju wa mita mia mbili na hamsini huandikwa sawa: moja. Mtunga mashairi hulielewa jambo hilo upesi. Katika utenzi wa maneno makubwa, mizani moja ikizidi, ubeti umeharibika, hata kama ni silabi ya neno dogo kama na.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni kwamba mchezo huu hauna mwamuzi wa kumfuata mchezaji. Katika mpira wa miguu mtu huunawa mpira akajifanya hakuunawa, na kazi ya kumkamata ni ya mwenye filimbi. Katika gofu mchezaji hujihesabu mwenyewe, mwenzake huandika anachoambiwa, na mwisho wote wawili hutia saini. Ukitia saini chini ya idadi pungufu ya kweli, unaondolewa mashindanoni. Mwaka 1925, katika mashindano makuu ya Marekani, mchezaji mashuhuri Bobby Jones alijitoza mkwaju mmoja kwa sababu mpira wake ulitikisika majanini, jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona. Mwishowe alilingana na mwenzake kwa idadi, wakarudiana, akashindwa. Sheria za mchezo ziliandikwa mara ya kwanza huko Uskochi mwaka 1744, lakini hii ya kujihesabia ndiyo roho yake. Nilipoijua nikamkumbuka yule bwana wa kichakani. Si kweli kwamba mchezo ulimfundisha kudanganya. Mchezo ulimkataza, naye alidanganya kwa kuwa aliyemwona alikuwa mtoto wa kubeba mfuko tu, na mtoto wa kubeba mfuko hakuhesabiwa kuwa jicho.

Sasa niseme lililonipata mimi, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Ilikuwa 2018, katika mashindano madogo ya wikiendi. Nilikuwa nimekwisha kucheza miaka kadhaa, si kwa ustadi, bali kwa bidii. Siku hiyo nilikuwa nikicheza kuliko kawaida yangu. Kijana aliyenibebea mfuko alikuwa wa miaka kumi na tisa hivi, mpole, mwenye jicho kali la kuona mpira ulikoangukia. Katika shimo la kumi na tano mpira wangu uliingia katika nyasi ndefu chini ya mti. Niliufuata mimi na kijana peke yetu. Meja, ambaye ndiye aliyekuwa akiniandikia, alikuwa mbali upande wa pili. Nikakanyaga kijiti kilicholala nyasini, na kile kijiti kikausukuma mpira. Ukabingirika kidogo, ukatua mahali pazuri zaidi kuliko ulipokuwa. Nikatazama huku na huku. Nikaupiga. Ulitoka vizuri ajabu.

Tulipolimaliza shimo meja akaniuliza, “Ngapi?” Nikasema, “Tano.” Akaandika tano.

Nikamtazama kijana. Yeye hakunitazama. Alikuwa akiifuta fimbo ambayo alikwisha kuifuta. Aliifuta tena, akaitia mfukoni, akautia mfuko begani, akatangulia. Hapo moyo wangu ulishuka kama ndoo iliyokatika kamba. Nilimwona baba yangu akiwa mtoto, katika nchi ya baridi, na mfuko begani. Tofauti ilikuwa moja tu: baba alisema, na kijana huyu alinyamaza. Na hiyo haikuwa nafuu kwangu. Ilikuwa hukumu kubwa zaidi. Maana katika miaka sabini, yaliyobadilika yalikuwa rangi ya bwana, jina la kiwanja na bendera juu ya mlingoti. Lakini mtoto wa mfuko alikuwa bado anajua kwamba akisema saba hatarudi kesho.

Tulifika mahali pa kuanzia shimo la kumi na sita. Meja alikuwa amekwisha kuuweka mpira wake chini. Nikamwambia, “Afande, ngoja kwanza. Shimo lililopita niandikie sita. Mpira ulijongea nilipokanyaga kijiti.”

Meja aliinua uso. “Uliurudisha ulipokuwa?”

“Sikuurudisha.”

“Basi si mkwaju mmoja wa adhabu. Ni miwili,” akasema, akaifuta ile tano. “Saba.”

Nikalisikia neno lile lile, kwa sauti ya mtu mwingine, mahali pengine, likaandikwa kwa wino. Meja hakunilaumu wala hakunisifu. Alirudi kwenye mpira wake akapiga. Siku hiyo nilikosa zawadi ya tatu kwa mkwaju mmoja.

Jioni, nilipokuwa nikimlipa kijana ujira wake, alisema kwa sauti ya chini, “Mzee, mimi nisingesema.”

“Najua, mwanangu. Kwa nini usingesema?”

“Kazi, mzee.”

Sikuwa na jibu la kumpa, na sikumpa. Nilimwambia tu habari za baba yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo pale niliposema habari za ng’ombe, kisha akaniuliza kama mzee alikuja kulipwa ule ujira wa wiki. Nikamwambia hakulipwa. Akatikisa kichwa, akaniaga. Usiku ule niliandika ubeti mmoja, ambao nauweka hapa si kwa uzuri wake, bali kwa sababu ni wa siku hiyo:

Mizani haina bwana, wala haina mtumwa,
Husema ililoona, kila mtu akapimwa,
Haki ikiwa bayana, hapana wa kuinyimwa,
Sema idadi ya kweli, hata pasipo na jicho.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo waandishi wa utamaduni tunapenda kulijibu upesi: mchezo wa kigeni huwa wetu lini? Wako wasemao kwamba huwa wetu tukiumiliki uwanja. Lugalo tunaumiliki, na ni jambo la fahari. Wako wasemao kwamba huwa wetu tukishinda. Nalo ni kweli kwa sehemu yake. Wengi wa wachezaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki walianza kwa kubeba mifuko, wakajifunza kwa kuona kama baba yangu, ila wao wakaja kupewa fimbo mikononi. Hata hivyo mimi naona liko sharti la tatu lililo chini ya hayo mawili. Mchezo huwa wetu pale anayebeba mfuko anapoweza kuitaja idadi kwa sauti, na kesho yake akarudi kazini. Kabla ya hapo tumebadili mabwana tu.

Sisemi kwamba kila kijiji kiwe na uwanja wa gofu. Mchezo huu hudai ardhi kubwa, hudai maji, na fimbo zake ni ghali kuliko ng’ombe. Makongolosi, ambako maji ya kunywa huthaminiwa, mtu akimwagilia nyasi ili azitembelee ataonekana amerukwa na akili, na wenye kusema hivyo watakuwa na haki. Hata Uskochi kwenyewe mchezo huu ulipata kupigwa marufuku, mwaka 1457, kwa kuwa vijana waliacha mazoezi ya upinde kwa ajili yake. Kila taifa lina haki ya kuuliza mchezo unakula nini na unarudisha nini. Mimi nauliza tu kwamba, pale ulipokwisha kuwapo, tuchukue kilicho bora ndani yake, nacho si nyasi. Ni ile desturi ya mtu mzima, mwenye cheo na mvi, kusimama mbele ya wenzake na kujitoza deni ambalo hakuna aliyemdai. Ofisini kwangu nimeona mafaili mengi ambayo yangekuwa mafupi sana kama desturi hiyo ingevuka ukuta wa kiwanja.

Mwaka uliopita nilikwenda nyumbani kuzuru kaburi la baba. Jioni nilikaa uani, na watoto wa ndugu zangu wakaja na fimbo ya mti uliopinda. Mchezo wa tonga haujafa. Kishimo kilikuwa kimechimbwa kando ya mwembe, nao wakapiga kwa zamu katika vumbi, huku karasha likinguruma ng’ambo. Mjukuu mmoja alilitia tonga shimoni akapiga kelele, “Nne!” Mdogo wake wa kike, ambaye hakuwa akicheza kwa kuwa walisema bado mdogo, na ambaye kazi yake ilikuwa kulifuata tonga linapopotea, akasema, “Tano. Moja ulikosa.”

Wakubwa wote walimgeukia. Nami nilimtazama yule mvulana kuliko nilivyopata kumtazama mchezaji yeyote. Alisimama, akahesabu kwa vidole, akanuna kidogo. Kisha akasema, “Haya, tano,” akampa mdogo wake fimbo.

Basi wakaendelea kucheza mpaka giza likaingia, na tonga likawa halionekani tena.